Chumvi Huvutwa Huku, Nyumba Hutitia Kule

Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie kutitia kwa ardhi kunakotokana na kuyeyuka kwa miamba iliyo chini yake, nami nimeamua kutozunguka dunia nzima. Nitakaa zaidi katika mji wa Northwich, kwenye kaunti ya Cheshire nchini Uingereza, kwa sababu huko tatizo hili liliwasumbua wanasheria sawasawa na lilivyowasumbua wahandisi. Hoja yangu ni kwamba pale ambapo maji ndiyo yanayochimba, shimo halilazimiki kufunguka juu ya kiwanja cha aliyelisababisha, na sheria inayodai mdhurika amtaje mkosaji wake itamwacha mikono mitupu.

Tuanze na miamba yenyewe. Bahari au ziwa la chumvi linapokauka kwenye hali ya joto, huacha tabaka za jasi na za chumvi, ambazo baadaye hufunikwa na udongo na kugeuka kuwa mwamba. Chumvi ya Cheshire ni ya zama za Triasiki, yaani umri wake unapita miaka milioni 200. Miamba hii inatofautiana mno katika kuyeyuka: lita moja ya maji huchukua takriban gramu 2.5 za jasi, lakini chumvi ya kawaida huchukua kama gramu 360. Jasi inatosha kuleta maafa hata bila mkono wa mtu. Mjini Ripon, kaskazini mwa Uingereza, maji ya asili hupita ndani ya jasi iliyo chini ya makazi, na mwaka 1997 shimo lilifunguka katika mtaa wa Ure Terrace na kumeza mabanda ya magari. (Ufa wa Mai Mahiu nchini Kenya, uliovuma sana mwaka 2018, tusiuchanganye na haya, wanajiolojia wengi waliuhusisha na majivu ya volkeno yaliyosombwa na maji ya mvua, na majivu hayo hayayeyuki kama chumvi.)

Kwa upande wa chumvi kuna jambo linaloweza kuonekana la ajabu. Maji yakishashiba chumvi hayawezi kuyeyusha zaidi. Yakitulia juu ya mwamba, huulinda dhidi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayotoka juu, na ardhi inaweza kukaa salama kwa muda mrefu sana. Hatari huongezeka maji hayo mazito yanapoondolewa, kwa kuwa nafasi yake huchukuliwa na maji yasiyo na chumvi, nayo huanza kula mwamba upya.

Ndivyo ilivyokuwa Northwich. Chumvi ya mwamba iligunduliwa karibu na mji huo mwaka 1670, ikachimbwa kwa kuacha nguzo za chumvi zishikilie paa la mgodi. Nguzo nyingi ziliachwa nyembamba kupita kiasi, maji yakaingia, migodi ikafurika. Baadaye watu walianza kuvuta maji ya chumvi kutoka kwenye migodi hiyo iliyofurika, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa uzembe wa hali ya juu: kila walipovuta, maji mapya yaliingia na kuzila zile nguzo zilizobaki. Tarehe 6 Desemba 1880 ardhi ilifunguka, maji ya kijito cha Wincham yakaporomokea migodini, na hewa iliyobanwa chini ikatoka kwa nguvu ikirusha matope hewani. Mabwawa yaliyozaliwa na kutitia kwa namna hii yangali yanaonekana pembeni mwa mji.

Hata hivyo, migodi ilikuwa sehemu moja tu ya tatizo, kwa sababu wavutaji wengine walichimba kisima hadi juu ya tabaka la chumvi na kuvuta tu, bila kuchimba mgodi wowote. Maji yalitiririka kuelekea kwenye pampu kutoka mbali, pengine kilomita kadhaa, yakichonga mifereji njiani, na nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kuiona pampu hiyo ikaanza kuinama. Akienda mahakamani angeulizwa: katika pampu hizi zote, ni ipi iliyochukua chumvi ya chini ya nyumba yako? Hakuwa na jibu, wala mwanajiolojia asingeweza kumpa. Isitoshe, sheria ya Uingereza ilihesabu kwamba maji yanayopenya chini ya ardhi hayana mwenyewe mpaka yavutwe. Hata kampuni kubwa zilikwama hapo: mwaka 1906 kampuni ya chumvi ya Salt Union iliishtaki kampuni ya kemikali ya Brunner Mond kwa uvutaji uliodaiwa kuyeyusha chumvi yake, ikashindwa.

Bunge lilipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 1891 iliruhusu wavutaji wote wa eneo husika watozwe kwa kadiri ya kiasi walichovuta, na fedha hizo zilipe fidia, bila mdhurika kuthibitisha pampu iliyomdhuru. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro, lakini wazo lake naliona la busara kuliko hukumu nyingi zilizoandikwa kabla yake, na mwaka 1952 lilipanuliwa kwa sheria nyingine ya Cheshire. Mahakama zenyewe zilichelewa. Ilikuwa mwaka 1971, katika kesi ya kiwanda cha viatu cha Lotus huko Stafford dhidi ya kampuni ya British Soda, ambapo mvutaji alihukumiwa kuwajibika kwa kuondoa chumvi iliyokuwa ikiishikilia ardhi ya jirani.

Wenyeji hawakungoja. Walijenga kwa fremu za mbao zilizofungwa pamoja, ili upande ukititia jengo liinuliwe kwa jeki na kusawazishwa. Madaraja mawili yanayozungushwa ili vyombo vipite, juu ya mto Weaver, ya mwaka 1899, yalitengenezwa uzito wake ubebwe kwa sehemu kubwa na tangi linaloelea majini, maana msingi wa kawaida usingeaminika.

Kati ya mwaka 2004 na 2007 migodi minne iliyofurika chini ya katikati ya mji ilijazwa kwa mchanganyiko wa majivu ya makaa ya mawe na saruji. Wahandisi waliukoroga kwa maji ya chumvi, kwa sababu maji baridi yangeziyeyusha nguzo zile zile walizokwenda kuziokoa. Maji mengi yaliyokuwa migodini ilibidi yatolewe kadiri mchanganyiko ulivyoingia, nayo yalikuwa yameshashiba chumvi. Kuhusu hesabu za ujazo na mpangilio wa visima vya kujazia, nina michoro hapa mezani, na naomba tuipitie pamoja wakati wa maswali.