Uzi Usioonekana: Mrija, Chupa na Nusu Mita ya Nailoni

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni uzi usioonekana, ule mwembamba unaosogeza vitu bila watu kuuona, kwa anayeanza mazingaombwe ya karibu, yale ya mezani watu wanne watano wamekuzunguka. Kaka Masanja, msikilizaji yuko Buzuruga, hapa Mwanza, hana duka la vifaa vya mazingaombwe jirani. Aanzie wapi?

MASANJA: Asianzie soko la samaki la Mwaloni, dada. Watu wa huku tukisikia nailoni nyembamba tunawaza mshipi wa kuvulia. Mshipi mwembamba tu una unene wa kama milimita 0.2. Uzi tunaoutaka ni kama 0.02, mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Mshipi utaonekana hata na aliyekaa meza ya tatu.

NEEMA: Basi aende kwa fundi cherehani.

MASANJA: Hapo sawa. Aombe uzi wa nailoni laini unaovutika, ule wenye manyoya ambao mafundi wanautia kwenye ovaloki wakishona nguo za michezo. Achague mweusi au wa kijivu. Ule si uzi mmoja, ni fungu la nyuzi ndogo nyingi zilizolala pamoja. Kazi ni kutoa mmoja.

NEEMA: Unatolewaje bila kukatika? Hapa ndipo wengi wanakata tamaa.

MASANJA: Kata sentimita 60. Tandika kitambaa cheupe mezani, maana uzi ni mweusi na unataka kuuona. Bandika ncha moja kwa selotepu. Ncha ya pili isugue polepole kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ifumuke. Gusa unyuzi mmoja kwa kipande kidogo cha selotepu, zilizobaki zishike kwa mkono wa pili, halafu vuta ule mmoja taratibu, kwa mstari ulionyooka. Zilizobaki zitajikunja nyuma na kufanya kifundo. Usishtuke, hazijaharibika: zinyooshe kwa vidole, utoe mwingine. Ukivuta kwa pupa, ule mmoja unajifunga kwa wenzake na unakatika.

NEEMA: Na vidole viwe vikavu na laini. Ukucha wenye mkwaruzo unaukata uzi kabla hujaanza. Piga tupa kucha kwanza.

MASANJA: Halafu nta, ya kubandikia uzi. Nta ya nyuki peke yake ni ngumu mno, haishiki. Iyeyushe kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, kisha dondoshea mafuta ya nazi tone kwa tone. Kila baada ya matone mawili matatu chota kidogo, iache ipoe, ijaribu. Ikishika kidoleni na ikang'oka bila kuacha utando, imetosha. Ukizidisha mafuta, mchana wa jua itateleza na uzi utachomoka.

NEEMA: Kiasi cha kutumia?

MASANJA: Nusu ya punje ya mchele kila ncha. Watu wanaweka donge. Donge linaonekana, na uzi wenyewe hauhitaji: unyuzi mmoja wa aina hii unabeba gramu kumi hivi kabla ya kukatika, ukipakiwa polepole. Mrija wa soda haufiki gramu mbili. Kinachokata uzi mara nyingi ni mtikisiko wa ghafla, uzito una lawama ndogo.

NEEMA: Sasa mchezo wenyewe. Mimi nasema mwanafunzi asianze na noti inayoelea hewani.

MASANJA: Nakubaliana nawe kabisa. Kuelea kunataka ncha moja nyuma ya sikio, nyingine mkononi, kitu kimening'inia katikati, na mikono miwili inayojua umbali bila kufikiri. Hiyo ni ya baadaye. Aanze na mrija unaopanda kutoka kwenye chupa. Ncha moja tu ndiyo inayosogea.

NEEMA: Tuwapangie hatua. Chupa ya soda ya kioo, ya mililita 350, tupu na kavu. Mrija wa kawaida. Uzi wa nusu mita. Ncha ya kwanza imefungwa kwenye kifungo cha shati, usawa wa mdomo wa chupa ukiwa umekaa. Ncha ya pili ina nta, na hiyo nta unaiegesha kwenye kifungo kingine mpaka muda ufike.

MASANJA: Muda ukifika, unashika mrija, ukucha wa gumba unachukua ile nta na kuibana chini kabisa ya mrija, upande unaokuelekea wewe. Unautumbukiza mrija, ncha yenye nta ikitangulia. Uzi sasa unatoka kifuani, unapita juu ya mdomo wa chupa, unashuka hadi chini. Weka chupa kama sentimita 25 kutoka kifuani. Hapo uzi umekaribia kukaza.

NEEMA: Na hapo usifanye kitu.

MASANJA: Usifanye kitu, ndiyo! Toa mkono, kaa sekunde tatu, watu waione chupa imesimama peke yake. Kisha isukume kwenda mbele polepole, au acha chupa pale pale uegemee nyuma. Ukisogea sentimita kumi, mrija unapanda kumi. Simamia hapo. Ukiendelea, uzito unakuja juu na mrija unapinduka. Udake kwa mkono, ng'oa nta kwa ukucha, mpe mtu auchunguze.

NEEMA: Mrija usipopanda kabisa?

MASANJA: Uzi umelegea, sogeza chupa mbele kidogo kabla ya kuanza. Ukipanda kwa kurukaruka, mdomo wa chupa una unyevu au mchubuko. Chupa ya plastiki mara nyingi ina ukingo mkali uliobaki kiwandani, ndiyo maana tunasema kioo.

NEEMA: Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo uzi unapoonekana au kupotea. Wembamba peke yake haukufichi. Ukikaa na dirisha nyuma yako au ubavuni, jua likapiga uzi, unang'aa mstari mzima. Ufukweni ni balaa zaidi, mwanga unakuja kutoka juu na unarudi tena kutoka majini. Na mchana upepo unavuma kutoka ziwani, uzi unapepea, mrija unayumba. Mgahawa wa Capri Point wenye mandhari nzuri, kaa meza ya ndani, ukuta ukiwa nyuma yako.

MASANJA: Na siyo chini ya pangaboi. Omba lizimwe.

NEEMA: Taa ya tyubu darini inatosha, mwanga wake umetawanyika. Na mavazi: shati la kitenge lenye michoro midogo midogo. Jicho linaufuata mstari mwembamba kwenye rangi moja, kwenye maua linaupoteza. Shati jeupe tupu na uzi mweusi, umejiuza.

MASANJA: Jipime kwa simu. Iegemeze mahali atakapokaa mtazamaji, mita moja, usawa wa macho yake, urekodi. Kisha rudia ukiwa umewasha tochi ya simu, uone inavyokusaliti. Kwa hiyo wakati wa mchezo waombe watu wasiwashe flashi.

NEEMA: Kuna vitanzi pia, mikanda midogo ya uzi huohuo unaovutika, inavaliwa kifundoni mwa mkono. Kazi inayohusishwa na mwanamazingaombwe Finn Jon wa Norway.

MASANJA: Ni vizuri sana, vinajikaza vyenyewe, ila vinakatika haraka na mkononi mwa asiyezoea havimalizi jioni. Ajue kwanza kushika uzi.

NEEMA: Mimi nina jambo moja ninalolisema kwa uzito. Kanda yetu hii ya Ziwa, tuhuma za uchawi zimewagharimu wazee maisha. Kabla mrija haujapanda, sema wazi kwamba ni mazingaombwe, ni mchezo wa mikono. Usiseme una nguvu, usiseme umepewa. Na noti isogezwe kwa tahadhari, kwa sababu kuna matapeli wanaojiita wazidisha fedha, na noti inayotembea inawasafishia njia.

MASANJA: Akikuuliza mtu kama ni dawa, mjibu hapana, papo hapo, hata kama jibu linapunguza mshangao. Siri ya uzi unabaki nayo. Uongo wa dawa usiwe nao.

NEEMA: Tumalizie na kuhifadhi.

MASANJA: Kadi ngumu ya ukubwa wa karata, ikate vijichongo viwili, zungushia uzi bila kuuvuta, bandika kila ncha kwa nta yake. Andaa nyuzi tatu kabla ya kutoka nyumbani, kadi tatu, uziweke mfuko wa shati na siyo wa suruali wenye funguo. Ukikatika mmoja mbele ya watu, endelea na karata, ukipata nafasi uende nje ufunge mwingine.

NEEMA: Kipindi kijacho ni ncha mbili, sikio na mkono. Leteni kitenge.