Wafilipino wa ughaibuni: nani anaimba na nani anaandika

Haya jamani, asanteni, kaeni tu, wale wa nyuma mnanipata? Sawa. Nimeombwa niongelee wasanii wa Kifilipino wanaofanya kazi nje ya kwao, waigizaji, waimbaji, watu wa filamu, na nimefurahi sana kuombwa maana hawa watu nawafuatilia miaka mingi na naona sisi tunawajua nusu tu. Tunawajua kama manesi, kama wahudumu wa hoteli, kama wale dada ambao ndugu zetu walioko Dubai na Doha na Muscat wanafanya nao kazi, lakini kazi yao ya sanaa tunaipita tu, tunakaa hotelini bendi inapiga vizuri mpaka mwisho, tunapiga makofi, tunaondoka hata jina la muimbaji hatujui.

Niseme mapema msimamo wangu ili tusipotezane njiani. Kwa hawa wasanii kipaji hakijawahi kuwa tatizo. Sauti wanazo, nidhamu wanayo, kiingereza wanacho, kilichowabana ni kwamba kwa miaka na miaka waliimba nyimbo za wengine na kuigiza stori zilizoandikwa na wengine, na mimi kila nikiangalia hatua walizopiga, naiona kubwa zaidi pale walipoanza kuandika wenyewe na kuuza kazi wenyewe, hata kuliko zile tuzo.

Sasa walifikaje huko nje? Mwaka 1974 serikali ya Rais Ferdinand Marcos ilitunga sheria ya kazi iliyofanya kupeleka wafanyakazi nje kuwe mpango wa nchi, na haukuisha na Marcos, kila serikali iliyofuata iliuendeleza. Leo wako nje karibu milioni 10, na hela wanazotuma nyumbani zinapita dola bilioni 30 kwa mwaka. Msanii naye akaingizwa humo humo kwenye mpango, alikuwa na kitabu chake cha rekodi, anafanyiwa mtihani wa kuimba au kucheza, akipita ndio anapewa karatasi za kusafiri. Japani peke yake mwaka 2004 Wafilipino zaidi ya 80,000 waliingia kwa viza ya watumbuizaji. Elfu themanini jamani! Wengi wao wasichana, wengi klabu za usiku, na huko mambo yalikuwa mabaya, mtu anaambiwa anaenda kucheza ngoma anakuta kazi ni kukaa na wateja na kumwaga pombe, pasipoti imeshikwa na bosi, mpaka Marekani ikaitaja viza hiyo kwenye ripoti yake ya biashara ya binadamu na mwaka 2005 Japani ikabana masharti. Nalisema hili bila kuficha kwa sababu tukizungumzia mastaa tu tunakuwa tumewafuta hao dada, na wao ndio walikuwa wengi.

Haya twende 1989, maana mwaka huo yalitokea mawili.

La kwanza mnalijua. London, Septemba 1989, linafunguliwa onyesho la muziki la Miss Saigon na anayeongoza jukwaa ni binti wa miaka 18 kutoka Manila, Lea Salonga. Maprodyusa walikuwa wamezunguka kutafuta msichana wa kuigiza Kim, wakafika Manila wakamsikia. Akachukua Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya London, show ikaenda Broadway, yaani yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, 1991 akachukua Tony, tuzo kubwa ya Broadway, mwigizaji wa kwanza wa kike mwenye asili ya Asia kuipata. Baadaye ndio sauti ya kuimba ya Jasmine na ya Mulan kwenye katuni za Disney ambazo watoto wenu wameziangalia mpaka mmechoka.

Watu wanapenda kusema aliokotwa. Hapana, hakuokotwa. Alipanda jukwaani na miaka 7, kwenye kundi la Repertory Philippines ambalo lilianzishwa Manila mwaka 1967, kwa hiyo wale Waingereza walipofika walimkuta ana miaka kumi ya kazi, anajua kusimama, anajua kupumua, anajua kuja mazoezini kwa wakati. Wadogo zangu mnaotaka uigizaji naomba hilo mlishike, kulikuwa na kundi nyumbani, kundi la watu waliokuwa wanafanya maigizo wiki baada ya wiki bila kujua kama kuna mtu wa nje atakuja siku moja.

Lakini pia tuseme ukweli, nafasi yenyewe ilikuwa ipi? Kim ni msichana wa Kivietnam anayefanya kazi baa, anapenda mwanajeshi wa Kimarekani, anaachwa, mwisho anajiua. Stori hiyo waliandika Wafaransa, ikatengenezwa na Waingereza, na Wafilipino wakaajiriwa kwa wingi miaka na miaka kuigiza Wavietnam. Ajira ilikuwa kubwa na ilisomesha waigizaji wengi sana, siidharau hata kidogo. 2014 London waliirudia, Kim safari hii akawa Eva Noblezada, mzaliwa wa California mwenye baba Mfilipino, na pembeni yake Rachelle Ann Go kutoka Manila ambaye 2017 akawa Eliza kwenye onyesho la muziki la Hamilton la London. Lakini bado unasubiri mtu mwingine aandike ndio upate kazi.

La pili la 1989 ndilo ambalo halitajwi. New York, mwaka ule ule, Wafilipino wachache walianzisha kundi la maigizo linaitwa Ma-Yi, lengo likiwa kupandisha jukwaani kazi zilizoandikwa na Wafilipino, na 1998 wakafungua mlango kwa waandishi wote wa Kimarekani wenye asili ya Asia. Kwa miaka mingi limeongozwa na Ralph Peña, mwenyewe mwandishi na dairekta. Lina karakana ya waandishi, yaani wanakaa, wanasomeana kazi, wanachambuana, mtu anaondoka na tamthilia iliyoiva. Hakuna taa nyingi pale, hakuna helikopta ya kushuka jukwaani kama ile ya Miss Saigon, ila ukifuatilia waandishi wengi wa Kiasia wanaosikika Marekani leo unakuta wamepitia hapo. Mimi ukiniambia nichague tukio la 1989 lililowajenga zaidi, nachagua hili.

(Kuna dada ameuliza: na wale wanaoimba hotelini na kwenye meli, wanatokaje huko?)

Swali zuri dada yangu, na jibu ni kwamba wengi hawatoki, ni kazi kama kazi nyingine, mtu analipa ada za watoto anastaafu anarudi kwao, na hakuna ubaya. Ila wapo waliotoka. Arnel Pineda, huyu utoto wake alilala nje kwenye bustani ya Luneta pale Manila baada ya mama yake kufariki, akaja kuwa muimbaji wa bendi, akaimba Hong Kong miaka na miaka nyimbo za watu, na 2007 mpiga gitaa wa bendi ya Journey ya Marekani akamuona kwenye video za YouTube akiimba nyimbo zao kama muimbaji wao wa zamani mwenyewe. Wakamwita. Anasimulia kwamba hata ofisa wa viza pale ubalozini hakuamini, akamwambia hebu imba, akaimba dirishani. Na aliyetengeneza filamu ya maisha yake, ya 2012, ni Ramona Diaz, Mfilipino wa Marekani, na hilo kwangu ni kubwa kama kuimba kwenyewe, maana stori ya kijana wao safari hii imeshikwa na mtu wao.

Mwingine ni Crisel Consunji. Alikuwa mwigizaji wa jukwaa Manila akaenda Hong Kong kutumbuiza Disneyland, na pale kwenye zile parade waimbaji wa Kifilipino wamejaa. Akabaki huko. 2018 akaigiza filamu inaitwa Still Human, yeye ni dada wa kazi anayemhudumia mzee aliyepooza, na ndoto yake huyo dada ni kupiga picha. 2019 akachukua tuzo ya mwigizaji mpya bora wa Hong Kong. Mnaona? Hong Kong wanafanya kazi za ndani Wafilipino kwa malaki, Jumapili wanajaa barabarani na vitambaa vyao na maboksi wakipumzika maana ndiyo siku yao pekee, na sinema za kule zilikuwa zinawapitisha nyuma ya meza tu, anabeba sahani anatoka.

Sasa hela. Najua mnataka tufike kwenye hela.

Mwaka 2000 kijana anaitwa Gene Cajayon alimaliza filamu yake The Debut, mwigizaji mkuu ni Dante Basco, yule aliyekuwa Rufio kwenye filamu ya Hook ya 1991. Stori ni ya kijana wa California anataka kusomea uchoraji, baba anataka udaktari, na yote yanalipuka kwenye birthday ya dada yake ya miaka 18. Wasambazaji wakubwa hawakuitaka, wakaona hadhira haipo. Wale jamaa wakaibeba wenyewe mji kwa mji, wanafika mapema, wanaenda makanisani, vyuoni, kwenye vyama vya Wafilipino, wanabandika mabango, wanajaza ukumbi, ndio wanahamia mji unaofuata. Kazi ya miezi na miezi, na ilikuwa moja ya filamu za mwanzo kabisa za Wafilipino wa Marekani kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa namna hiyo. Walijua kitu ambacho wasambazaji hawakukijua, kwamba yule nesi wa zamu ya usiku akisikia kuna filamu yenye nyumba kama yake atanunua tiketi, na atakuja na shangazi.

Isabel Sandoval yeye alipita njia nyingine. Kwao Cebu, huko huko Ufilipino, alienda New York kusomea biashara, si filamu. Filamu yake Lingua Franca ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice 2019, na humo aliandika mwenyewe, akaongoza mwenyewe, akahariri mwenyewe, akaigiza mwenyewe, mwanamke aliyebadili jinsia asiye na karatasi anayemtunza bibi kizee Brighton Beach, Brooklyn. Kazi ile ile ya kutunza wazee ambayo maelfu ya Wafilipino wanaifanya Marekani, ila hapa mtunzaji ndiye katikati, ana mapenzi, ana hofu yake ya polisi wa uhamiaji, bibi ndiye yuko pembeni.

Na wasioonekana jukwaani msiwasahau. Clint Ramos, naye wa Cebu, 2016 alichukua Tony ya mavazi kwa tamthilia ya Eclipsed, ile ya wanawake wa Liberia wakati wa vita, aliyoigiza Lupita Nyong'o wa Kenya pale Broadway. Nguo zile za kambini, fulana za mitumba na vitenge, zilipangwa na Mfilipino. Mtu wa mavazi, mtu wa taa, mtu wa sauti, hao ni wasanii kamili na wanalipwa.

2023 Broadway ikapata onyesho la kwanza lenye waigizaji wote Wafilipino, Here Lies Love, linalomhusu Imelda Marcos, mke wa yule Rais Marcos. Nyimbo za David Byrne na Fatboy Slim, lakini kwenye maprodyusa wakawemo Lea Salonga na Clint Ramos. Wafilipino wenyewe waligombana sana juu yake, wengine wakilia kwa furaha, wengine wakisema unamchezeshaje disko mtu ambaye utawala wa mumewe uliua watu, na mimi nawaelewa hao wa pili vizuri. Ilifunguliwa Julai, Novemba ikafungwa.

Juni 2025, usiku mmoja, Tony mbili za waigizaji wakuu wa maonyesho ya muziki, mwanamume na mwanamke, zilienda kwa Darren Criss ambaye mama yake ni wa Cebu na Nicole Scherzinger ambaye baba yake ni Mfilipino. Watu wakashangilia, na haki yao. Haikupita miezi miwili, ikatangazwa kwamba Criss anachukua likizo kwenye Maybe Happy Ending, onyesho lile lililompa tuzo, stori ya maroboti wawili wanaoishi Seoul, na nafasi yake ikapewa kwa muda mzungu, waigizaji wa Kiasia wakapandisha hasira, barua zikaandikwa. Conrad Ricamora, ambaye baba yake ni Mfilipino na ndiye aliyekuwa Ninoy Aquino, yule mpinzani wa Marcos, kwenye Here Lies Love, yeye kwa kujibu hilo akaanzisha mfuko wa kuwalipia masomo ya uigizaji vijana wa kiume Wamarekani wenye asili ya Asia, na hela ya kuanzia akatoa yake mfukoni.

Kaka uliyenyoosha mkono muda mrefu, samahani, uliza.