Nani Aliiua Timu ya Mkoa?

SALUM: Karibuni tena. Mimi nipo, Rehema yupo, na leo Rehema amekuja na karatasi.

REHEMA: Karatasi yenye masomo matatu, Salum. Watu wanatuandikia kila mara kwamba tunazungumza vizuri halafu tunaondoka bila kuwaachia la kufanya. Leo tunawaachia. Masomo matatu ya kufufua timu za mikoa, yamenyooka, nitayasoma mwishoni.

SALUM: Sawa. Ila kabla hujafika huko nina jambo limenikaa kooni.

REHEMA: Nimeliona. Tangu umeingia hujagusa hata chai.

SALUM: Wanaotusikiliza wanajua niliingia kwenye kamati ya kuteua timu ya mkoa ya vijana. Tumekaa usiku na usiku, tumebishana, tumetoa orodha nzuri sana, Rehema, orodha ya kujivunia. Wiki hii yalikuwa mazoezi ya kwanza. Nimewahi uwanjani, nimebeba mipira mwenyewe. Waliofika hawakutosha kupanga timu moja, na makipa walikuwa wengi kuliko mabeki.

REHEMA: Wengine wako wapi?

SALUM: Klabu zimewashikilia. Moja imesema kijana ana maumivu ya paja, na kijana huyo huyo nimemwona jioni yake anacheza dakika 90. Nyingine haikujibu barua kabisa. Lakini aliyeniuma ni winga mmoja. Amenipigia usiku, anaongea kwa sauti ya chini kama anajificha. "Kaka, nataka kuja. Nimeambiwa nikiumia huko nisirudi."

REHEMA: Pole. Kweli, pole sana. Na lililo baya zaidi ni kwamba hiyo klabu haijavunja kanuni yoyote.

SALUM: Hapo ndipo ninapochoka.

REHEMA: Kanuni za FIFA zinailazimisha klabu imwachie mchezaji anapoitwa na timu ya taifa, katika zile tarehe zilizotengwa. Mkoa haumo. Hata ule mpango wa FIFA wa kuzifidia klabu mchezaji akiumia, ulioanza 2012, ni wa timu za taifa. Kijana akivunjika mguu kwenye mechi ya mkoa, klabu inabaki na mshahara wa kulipa na nafasi ya kuziba.

SALUM: Kwa hiyo mkoa unabisha hodi kama mgeni, wakati zamani ulikuwa mwenye nyumba! Tarehe 31 Machi 1866, London dhidi ya Sheffield, pale Battersea Park. Kombe la FA la Uingereza halijaanzishwa. Mechi rasmi ya kwanza ya mataifa itachezwa miaka sita baadaye. Lakini timu mbili za kuchaguliwa, kila moja imebeba jina la mji wake, tayari ziko uwanjani. London walishinda mabao 2 kwa bila, na juu yake wakaandikiwa alama 4 za kugusisha mpira nyuma ya mstari, maana kanuni za wakati ule zilikuwa hivyo. Timu ya mji ilitangulia karibu kila kitu tunachokiita kandanda leo.

REHEMA: Na ilitangulia kwa sababu fulani, hicho ndicho nilichokuja nacho. Chukua Brazil. Michuano ya timu za majimbo ilianza 1922. Klabu za Brazil hazikuwa na mashindano ya kudumu ya nchi nzima mpaka 1959, ilipoanzishwa Taça Brasil, yaani Kombe la Brazil, ili ipatikane klabu ya kwenda Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini. Katikati hapo, ukitaka kujua São Paulo na Rio nani mbabe, jibu lilitoka hasa kwenye timu za majimbo. Siku nyingine jibu lilitoka pasipotarajiwa: jimbo la Bahia lilichukua kombe 1934. Basi mara klabu zilipopata uwanja wa nchi nzima, timu za majimbo zikafifia upesi. Baada ya miaka ya mwanzo ya 60 zilirudi mara moja tu, 1987.

SALUM: Umeona? Klabu zimeingia, majimbo yametoka.

REHEMA: Sijasema klabu zimeyatoa. Nimesema kazi ya majimbo ilikwisha.

SALUM: Hayo si mamoja?

REHEMA: Hata kidogo. Tutafika.

SALUM: Tufike kupitia London basi, maana London ndiyo ushahidi wangu. 1955 wanaanzisha kombe la miji yenye maonyesho ya biashara. Watu watatu wako nyuma yake: Ernst Thommen wa Uswisi, Ottorino Barassi wa Italia, Stanley Rous wa Uingereza. Kila mji timu moja, na mechi zipangwe ziendane na maonyesho. Sasa sikiliza ratiba. London wanaanzia Basel, Juni 1955, wanashinda 5-0. Fainali wanacheza lini?

REHEMA: Usiniambie.

SALUM: 1958!

REHEMA: Ngoja. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya Basel...

SALUM: Eeh, mfuatilie huyo mtoto. Oktoba 1955 London wanacheza na Frankfurt pale Wembley, usiku, mechi ya kwanza kuchezwa Wembley chini ya taa. London 3, Frankfurt 2. Mtoto wetu ana miezi minne.

REHEMA: Shingo imeshakaza. Anaangalia zile taa.

SALUM: Nusu fainali na Lausanne, 1957. Wamefungwa kule, wakageuza nyumbani.

REHEMA: Huyo anakimbia sasa. Anaita majina ya watu. Ameacha kunyonya!

SALUM: Fainali mkondo wa kwanza, tarehe 5 Machi 1958, Stamford Bridge, dhidi ya Barcelona. Sare, 2-2. Jimmy Greaves anafunga, ana miaka 18.

REHEMA: Greaves mwenyewe kombe linaanza alikuwa na 15! Hebu fikiri, amekua ndani ya kombe hilo hilo pamoja na mtoto wetu.

SALUM: Sasa nikutajie kikosi cha siku ile, niache nikitaje kwa raha zangu. Golini Jack Kelsey wa Arsenal. Danny Blanchflower wa Tottenham. Jim Langley na Johnny Haynes wa Fulham. Greaves wa Chelsea. Bobby Smith wa Tottenham. Hata Brentford wana mtu wao, Ken Coote. Watu waliokuwa wakiumizana kila Jumamosi wamevaa jezi moja! Shabiki wa Arsenal na shabiki wa Tottenham wanampigia makofi mtu yule yule. Ukinipa chombo cha kurudi nyuma, siendi fainali yoyote ya Kombe la Dunia. Naenda hapo.

REHEMA: Naelewa. Na mimi ningekaa karibu yako. Ila waambie marudiano yalikuwaje.

SALUM: Barcelona 6, London 0.

REHEMA: Luis Suárez, yule Mhispania wa zamani, mawili, Evaristo mawili, jumla 8-2 kwa mikondo yote miwili. Na London waliopanga siku ile si London wa Stamford Bridge. Greaves hayupo, Haynes hayupo, zaidi ya nusu ya timu imebadilika. Barcelona je? Jina ni la mji, lakini wachezaji karibu wote ni wa klabu moja. Wanafanya mazoezi pamoja, wanakula pamoja, wanajuana pasi kabla haijapigwa.

SALUM: Huo ni ujanja. Klabu ya Espanyol nayo haikuwa ya mji ule ule? Kombe la miji, wewe unaleta klabu umeivisha jina la mji. Barcelona ndio waliovunja mlango, wenzao wakapita. Birmingham nao walileta klabu tangu kombe la kwanza. Kombe la pili, London hawaleti tena timu ya mji, wanaleta Chelsea. Kidogo kidogo mji umebaki kuwa kanuni ya ratiba tu: mji mmoja klabu moja. Newcastle wanamaliza ligi nafasi ya 10 mwaka 1968, wanaingia kwa sababu ya kanuni hiyo, na msimu unaofuata wanalibeba kombe. 1971 linageuka kuwa Kombe la UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na mji umefutika kabisa. Klabu zimeua, Rehema. Ziliua mchana kweupe.

REHEMA: Mimi naona timu ya London ilikufa kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Mwaka ule ule 1955 Kombe la Ulaya la klabu limeanza. Mtu wa London akitaka kujua anasimama wapi Ulaya, anaiuliza klabu yake. Timu ya mji inakutana mara chache, haina uwanja wake, haina Jumamosi yake, na kipindi chote hicho mtoto wetu anakua! Nani atashikilia hamu miaka mitatu?

SALUM: Ratiba mbovu si kosa la mji.

REHEMA: Angalia timu za ligi basi, yaani wachezaji waliochaguliwa kutoka klabu za ligi moja. Ligi ya Uingereza dhidi ya Ligi ya Scotland, kuanzia 1892. Ilikuwa mizani ya kupima nani anafaa timu ya taifa. Televisheni imekuja, mechi za kimataifa zimeongezeka, kocha wa taifa anamwona kila mtu bila mizani hiyo. 1976 wakaacha kukutana. Klabu hazikuandamana. Mechi haikuwa na swali la kujibu tena.

SALUM: Lakini nani aliyejaza ratiba mpaka mechi hiyo ikakosa pumzi? Klabu!

REHEMA: India wana Santosh Trophy, timu za majimbo, tangu 1941. Bengal wamelichukua mara 33. Ligi ya taifa imekuja 1996, ligi mpya yenye fedha imekuja 2014, nyota wamebaki huko na klabu zao. Kwa hoja yako kombe hilo lilipaswa kuwa kaburini. 2022 Kerala wanacheza fainali nyumbani, Manjeri, dhidi ya Bengal, majukwaa yamefurika, inaamuliwa kwa penati. Kwa nini limeishi? Kwa sababu mtu wa Kerala bado ana la kumwambia mtu wa Bengal.

SALUM: Limeishi bila nyota! Umelisema mwenyewe. Wachezaji bora hawapo kwa sababu klabu zimewabakiza. Sawasawa na Ulaya, lile Kombe la Mikoa la UEFA lililoanza 1999. Masharti yake ni nini? Mchezaji asiwe amewahi kuwa wa kulipwa. Yaani mkoa unaruhusiwa kupumua pale tu ambapo klabu haina mtu wa kumdai.

REHEMA: Mimi naliona kombe hilo hilo na kusema: hapo timu ya mkoa imepata kazi. Inampa mtu wa ridhaa, mtu anayeamka kwenda kazini, nafasi ya kuvaa jezi ya kwao na kusafiri. Hilo klabu haiwezi kumpa.

SALUM: Rehema, yule winga alitaka kuja. Sababu alikuwa nayo. Alikuwa nayo mpaka ikampigisha simu usiku.

REHEMA: Najua.

SALUM: Basi usiniambie sababu imekwisha.

REHEMA: Kwake haijaisha. Lakini mkoa wenu ulimwambia anakwenda kucheza na nani, lini, kwa ajili ya nini? Mlikuwa na mechi kwenye kalenda?

SALUM: Ilikuwa inapangwa.

REHEMA: Ilikuwa inapangwa. Kijana unamwomba ahatarishe ajira yake kwa mechi isiyo na tarehe. Siitetei ile klabu, maneno waliyomwambia ni ya kikatili. Ila hata klabu zote zingewaachia wachezaji kesho, bila mashindano ya kueleweka wangekuja mara mbili wakaacha.

SALUM: Na mimi nakwambia ukiweka mashindano mazuri kuliko yote, klabu zisipobanwa kwa kanuni, nitabaki na makipa wangu. Kanuni kwanza.

REHEMA: Sababu kwanza.

SALUM: Hatukubaliani.

REHEMA: Hatukubaliani, na sioni nikikubali leo.

SALUM: Wala mimi. Naonyeshwa kidole pale, dakika mbili zimebaki. Karatasi yako.

REHEMA: Haiwezekani. La kwanza peke yake linataka dakika tano, na linaanzia kwenye jambo ambalo tumetoka kulibishania. Niache niseme habari ya Wabasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, badala yake.

SALUM: Sema, sema haraka.

REHEMA: 1937, Hispania iko vitani. Wabasque wanaunda timu ya wachezaji wao bora, mshambuliaji Isidro Lángara akiwemo, inaitwa Euzkadi. Wanakwenda Paris, wanakwenda Muungano wa Kisovyeti, wanacheza na kuchangisha fedha kwa ajili ya watu wao. Bilbao, mji wao, unaanguka wakiwa safarini. Wanavuka bahari mpaka Mexico, na msimu wa 1938-39 timu inaingia ligi ya huko kama klabu. Wanamaliza nafasi ya pili.

SALUM: Kwa sababu ligi ya Hispania ilikuwa imesimama! Klabu hazikuwa na mechi za kuwashikilia. Hiyo ni hoja yangu.

REHEMA: Kwa sababu walikuwa na jambo la kuchezea, Salum. Hiyo ni yangu.

SALUM: Walipatikana kwa kuwa klabu ziliwaachia!

REHEMA: Wangetoroka hata zisingewaachia!

SALUM: Muda umekwisha. Tuandikieni, na anayejua beki wa kushoto aliye huru anitafute mimi, si Rehema.