Kidonda Bila Kovu

Mhadhara kwa vijana wachoraji wa katuni na walimu wao, Mtwara mjini

Assalam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe. Walioko nyuma sogeeni mbele, viti hivi havina mwenyewe.

Daftari zenu nimezisoma. Zote 11, jana usiku, mpaka umeme ukakatika nikamalizia kwa tochi ya simu. Kuchora mnajua, na mikono mnayo. Lakini nina ugomvi na nyinyi, na waliokuwepo mwaka jana wameshausikia. Nitaurudia mpaka uishe. Katika daftari 11, mashujaa tisa wanapigwa, wanaunguzwa, wanafiwa, wanasalitiwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Vizuri. Sasa kuna kijana mmoja ukurasa wa sita kachomwa mkuki begani, damu imechorwa kwa kalamu nyekundu hadi karatasi imetoboka. Ukurasa wa saba anaruka ukuta kwa mkono uleule, na shati limepigwa pasi. Ule mkuki umekwenda wapi?

Mnaniambia, mwalimu, ndivyo walivyo kina Spider-Man na Batman, wanateseka kila siku na kesho wapo. Haya, tuwazungumze haohao.

Habari za buibui aliyemng'ata Spider-Man na ami yake Ben aliyeuawa siwasimulii, hakuna asiyezijua humu. Ninachotaka mkitazame ni kitu kingine. Stan Lee na Steve Ditko walipomtoa Spider-Man, Agosti 1962, walimpa shujaa dhiki ya nyumbani. Ana nguvu za kuinua gari, lakini shangazi yake May anaumwa na hela ya kodi haipo. Anajipiga picha mwenyewe akiwa na kinyago, anakwenda kuziuza kwa mhariri wa gazeti, na mhariri huyo ndiye anayemwita mhalifu kila asubuhi kwenye ukurasa wa mbele. Mtoto wa Mtwara anamwelewa mtu huyu bila kufafanuliwa. Nyumba yoyote iliyowahi kupeleka korosho ghalani ikakaa inasubiri malipo, huku mwalimu wa shule anadai michango, inamjua Peter Parker, ndiye huyo Spider-Man akivua kinyago, hata kama hawajawahi kumsikia.

Kwa hiyo sijaja hapa kuyakataa mateso. Msije mkatoka nje mkasema mwalimu hataki shujaa aumie. Nataka aumie, na akishaumia, maumivu yale yaonekane tena ukurasa unaofuata.

Nitawaeleza nilivyolijua hili.

Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini kwetu hapa. Mwaka 1984 baharia mmoja alimwachia kitabu cha katuni kisicho na jalada, kimelowa maji ya chumvi, kurasa za mwisho zimeshikana. Mjomba akaniletea. Nilikuwa na miaka 11 na Kiingereza sikijui, nikakisoma kwa picha, barazani, nimelala kifudifudi. Adui anamtupa binti kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando, unashuka, unashuka, unamnasa binti miguuni. Kamdaka! Nilishangilia peke yangu mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ukurasa unaofuata anamvuta juu, anamkumbatia, anaongea naye kwa furaha. Binti hajibu. Amekufa.

Sikuelewa. Maji hakuyafikia, ardhi hakuigusa, kadakwa. Nilimuuliza mjomba, akasema labda kafa kwa hofu. Nikamuuliza mwalimu wa darasa, akakichukua kitabu akakaa nacho wiki nzima, akanirudishia bila jibu. Pembeni ya shingo ya yule binti palikuwa na herufi nne ndogo. Niliziona, nikadhani ni jina la mchoraji.

Likizo ya Desemba nikapelekwa kwa bibi, bondeni, upande wa Ruvuma. Kisima chao kilikuwa kirefu, mdomo umezungushiwa magogo yaliyochimbika mifereji kwa kusuguliwa na kamba. Ndoo nyekundu ya plastiki, kamba ya katani. Nikavuta ndoo imejaa. Ilipokaribia juu kabisa kamba ikaniponyoka, ndoo ikaanza kurudi chini kwa kasi, kamba inavuma juu ya gogo. Nami nikaibana kwa nguvu zangu zote. Ka! Kamba ikarudi mkononi nyepesi, na mwisho wake unaning'inia mkono wa ndoo peke yake. Ndoo yenyewe tukaisikia ikipiga maji. Bibi alichungulia kisimani, akanitazama viganja vilivyochubuka, akasema, "Mume wangu, kitu kinachoanguka hakibanwi ghafla. Unakwenda nacho kidogo, ndipo unakisimamisha."

Nikasimama pale na mkono wa ndoo, nikamwona yule binti wa darajani.

Miaka mingi baadaye nilikipata kitabu chenyewe kikiwa kizima. The Amazing Spider-Man, toleo la 121, Juni 1973, mwandishi Gerry Conway, mchoraji Gil Kane. Binti anaitwa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter. Zile herufi nne ni mlio wa kitu kikavu kinachovunjika. Wasomaji waliandika barua kwa hasira, na wahariri wakajibu kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa ghafla. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusoma herufi moja, alishanijibu siku nyingi.

Sasa tazameni, jamani, maana hapa ndipo penye mhadhara wote. Utando ni wake, na shabaha ni yake. Mkono uliookoa ndio uliovunja. Hakuna wa kumsukumia lawama yote, hata yule adui aliyemtupa hatoshi kuibeba. Na waandishi hawakumfufua mwezi uliofuata. Walimwacha Peter akae na jambo hilo, na wasomaji wakakaa nalo. Leo, zaidi ya miaka 50, mtu akitaja daraja mbele ya wapenzi wa katuni hizo, wote wanajua ni daraja gani. Hilo ndilo kovu. Kidonda kimepona juu, alama ipo, na ukiibonyeza mwenyewe anashtuka.

Sasa sikilizeni walichokuja kukifanya. Mwaka 1987 wakamwozesha Peter kwa Mary Jane. Akaishi na mke miaka 20 ya kalenda yetu, wakagombana, wakapatana, wakalia pamoja. Mwaka 2007 shangazi May anapigwa risasi, yuko mahututi, na Peter anaingia mapatano na shetani anayeitwa Mephisto. May atapona, na ndoa itafutika. Haivunjiki kwa talaka, wala hakuna anayekufa. Inafutika, kama haikuwahi kufungwa, na wenyewe hawaikumbuki. Kisa, wahariri waliona mwanamume mwenye mke amezeeka mno kwa biashara yao. Miaka 20 ikapanguswa kama ubao wa darasani kengele ikishalia.

Mimi jambo hili linaniuma mpaka leo, na siombi radhi kwa kuumwa na habari za mtu wa karatasi. Msomaji aliyeanza naye akiwa na miaka 15 alikuwa ameshaoa, ameshazaa. Alizeeka pamoja na shujaa wake. Halafu akaambiwa hukuona ulichokiona.

Najua kuna atakayeniambia, mwalimu, hadithi ikiendelea kila mwezi kwa miaka 60 utafanyaje? Aliyeanza ana miaka 15 mwaka 1962, akizeeka kihalali si angekuwa babu sasa? Ndiyo, angekuwa babu. Angefundisha mwingine, angekufa, tungemzika. Tatizo ni kwamba kampuni haiwezi kumzika mtu anayeiletea hela. Basi hawezi kufa, hawezi kuzeeka, hawezi kustarehe, na kwa sababu hadithi inahitaji jambo, linalobaki ni kumtesa. Anafiwa, anafukuzwa kazi, anasingiziwa, halafu vinafutwa vyote, anaanza upya. Kwa lugha ya kwetu huyo hatumwiti jasiri, tunasema amefungwa.

Batman ni hivyohivyo. Mwaka 1988 waliweka namba mbili za simu. Robin wa pili, msaidizi wa Batman, kijana anayeitwa Jason Todd, kapigwa na adui yao Joker kwa mtaimbo, kafungiwa na bomu. Piga namba hii apone, piga hii afe, simu moja senti 50. Kura za afe zilikuwa 5,343. Kura za apone 5,271. Hesabuni wenyewe tofauti yake. Ni 72. Watu 72 hawajazi Coaster tatu za Masasi, na kijana akafa kwa idadi hiyo. Wapo wanaolia kwamba kura ile ilikuwa ukatili. Mimi ugomvi wangu si kura. Ugomvi wangu ni mwaka 2005, walipomrudisha akiwa hai. Batman alikuwa amemlilia, wasomaji walikuwa wamegawanyika, nguo zake zilikuwa zimetundikwa kwenye kioo kama kumbukumbu ya marehemu. Sasa ile kumbukumbu ni ya nani?

Halafu kuna kijana atanyoosha mkono aniambie, mbona Lodi Lofa alikuwa akipata kipigo na toleo linalofuata yuko mtaani? Sisi tuliolelewa na gazeti la katuni la Sani tunamheshimu Lodi Lofa, na Madenge pia. Lakini kile ni kichekesho, na kichekesho kina ruhusa yake. Ukimwangusha mtu kwenye mtaro tucheke, hatukudai bandeji. Ukituambia tulie, tunakudai.

Mkitaka kujua tunadai nini, msiende Marekani. Tunaye Liyongo. Utenzi aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 mmeusoma shuleni, siurudii wote. Mtu mwenye nguvu kupita wote, mfalme anamwinda, anafungwa, anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, anaishi porini. Hilo ni balaa juu ya balaa kuliko la Spider-Man. Lakini siku sindano ya shaba inapoingia kitovuni, na aliyeishika ni mwanawe wa kumzaa, mambo hayarudi nyuma. Anatoka nje na upinde wake, anafika kisimani, anapiga goti, anatega mshale, roho inatoka akiwa vilevile. Na mji mzima unashindwa kuchota maji! Wanamwona pale kisimani wanadhani yu hai. Wanawake wanarudi na mitungi mitupu. Mama yake anakuja kumbembeleza kwa maneno, asiwaadhibu watu, na maiti haijibu. Mnaona mateso yalivyo na uzito? Kifo cha mtu mmoja kimekausha mitungi ya watu wote. Chora hiyo. Chora mtungi mtupu.

Na mafundi wa vinyago mnao nyumbani kwenu, Wamakonde, mnapita mbele yao kila siku. Fundi wa kinyago cha shetani akikuta mpingo umepinda, au una tundu, haupasui kuutafuta ulionyooka. Anakwenda na ule mpindo. Tundu linakuwa jicho, linakuwa mdomo. Kilichoupata mti ndicho kinachokuwa sura.

Muda, naambiwa muda. Nilikuwa na mambo mawili, nayapitia haraka. La kwanza, Barbara Gordon, yule Batgirl, aliyepigwa risasi mwaka 1988 akapooza miguu. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu, akawa Oracle, mtu ambaye kina Batman hawafanyi lolote bila kumuuliza, yeye na kompyuta zake. Watu wengi wenye ulemavu walijiona ndani yake. Mwaka 2011 wakamfanya atembee tena. Wengi walisikitika, na wana haki. La pili, hesabuni ni wanawake wangapi katika katuni hizo wanauawa ili tu mwanamume mmoja ahuzunike. Gwen mwenyewe yumo. Hilo ni mhadhara mzima, nialikeni tena. Katika daftari zenu 11 nimewakuta wanne, na wawili hawana hata jina. Wapeni majina kabla hamjawaua.

Namalizia na daftari moja. Mwenyewe yupo hapa, simtaji, ataona haya. Ni habari ya mama mpulizaji salfa. Mwezi wa sita, mikorosho imetoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga umeingia, yeye anapuliza mashamba ya watu kwa kibarua, bomba mgongoni, khanga imefungwa usoni mpaka puani. Upepo unageuka. Salfa inamwingia machoni. Mama yangu mdogo alifanya kazi ile, najua macho yanavyokuwa jioni, mekundu kama ya samaki aliyelala, na yanavyotoka maji mtu akiukaribia moto wa jikoni. Binti huyu ameyachora hayo, sijui ameyaona wapi, ameyachora sawasawa. Yule mama anapofuka, anaanza kusikia vitu ambavyo wengine hawavisikii, hadi mzani wa ghalani unapodanganya anausikia.

Mtasema amemwiga Daredevil, yule wa 1964, mtoto aliyemwokoa mzee asigongwe na lori, kemikali ikamwagika machoni. Hata kama amemwiga, ameiga kwa aliye bora, maana Daredevil upofu wake ni wa kila ukurasa. Mtu anatembea na fimbo, anasoma maandishi kwa vidole.

Sasa, mwanangu, nimeifungua daftari yako hapa. Ukurasa wa tatu mpaka wa nane mama amefungwa kitambaa cheupe machoni, fundo liko nyuma upande wa kushoto, umelichora kila mara palepale, nimefurahi mno. Ukurasa wa tisa anaingia ghalani kukabiliana na wale wezi, na kitambaa hakipo, macho makubwa mazuri, amepakwa na wanja. Nani amemfungulia lile fundo? Njoo hapa mbele uchukue penseli, watu wakiwa bado wamekaa.