Thredi mbili, salio moja

Haya jamani, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo tunaongelea thredi, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja, na naanza na kimstari ambacho kila mtu humu ameshakiandika: salio = salio + kiasi. Kinaonekana kitu kimoja eeh? Wapi. Kompyuta inasoma salio, inajumlisha, ndo inaandika, na katikati ya hizo hatua thredi nyingine inaweza kupenya muda wowote.

Chukulia saccos ya wakulima wa zabibu hapa Hombolo, mama mmoja ana 50,000. Thredi ya kwanza inamwekea 20,000, ya pili 5,000, zimeingia pamoja na zote zimesoma 50,000. Ya kwanza inaandika 70,000, ya pili haina hili wala lile inaandika 55,000 juu yake. Elfu ishirini ya mama wa watu imeyeyuka, na kwenye logi hakuna hata erra moja, programu inadunda tu.

Dawa ni loku, yaani kufuli ya kwenye programu inayoshikwa na thredi moja tu kwa wakati, mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra alishaliandika hili toka 1965. Unaishika kabla ya kusoma unaiachia ukishaandika, sio unashika wakati wa kuandika tu, hapo ulichosoma kinaweza kuwa kimeshapitwa. Na salio moja loku moja, maana kuna watu kuweka pesa kuna loku yake, kutoa kuna yake, sasa hapo umefunga nini? Watu wa Python msicheke, GIL, ile loku kuu ya Python, inalinda mambo ya ndani ya Python yenyewe, hicho kimstari chako hakimo.

Ukihamisha pesa kati ya akaunti mbili shika loku kwa kufuata namba ya akaunti, ndogo kwanza, la sivyo thredi mbili zitashikiliana zikingojeana mpaka kesho.

Halafu ile "mbona kwangu inafanya kazi" mi siitaki. Therac-25, mashine ya mionzi ya Canada, kati ya 1985 na 1987 iliwazidishia dozi wagonjwa, wengine wakafa. Kosa mojawapo lilijitokeza pale tu opereta akirekebisha data chapchap, ndani ya sekunde kama 8, ukienda taratibu huoni kitu.

Naam dada, unauliza kama AtomicLong ya Java, ile namba inayobadilishwa kwa hatua moja isiyoingiliwa, inatosha bila loku? Kwa kujumlisha tu inatosha kabisa, tena addAndGet yake ya kujumlisha ni nyepesi kuliko loku. Ila ukitaka kuangalia kwanza kama salio linatosha ndo ukate, basi sio hatua moja tena, rudi kwenye loku au tumia compareAndSet, inayoandika pale tu salio likiwa bado lile ulilosoma, ndani ya lupu.