Geti Lililogoma Kuongea

NEEMA: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu. Mimi ni Neema, niko hapa Area C, dirisha nimelifunga maana upepo wa leo umebeba Dodoma nzima. Mkisikia feni inalia, mtuvumilie. Leo tunaongelea lugha ambazo vifaa vinatumia kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, kuanzia geti la maegesho. Niko na mwenzangu wa siku zote, fundi Elia. Fundi, naona umekuja na kitu umekifunga kwenye gazeti.

ELIA: Mbukwenyi. Hii ni maiti, dada.

NEEMA: Haya, tumeanza.

ELIA: Kweli. Ni bodi ya geti la maegesho, imefia kazini. Ukubwa wake kama daftari la shule. Vumbi jekundu limejaa mpaka chini ya chipu, na hapa pembeni mjusi ametaga. Unaliona yai? Na hapa palipokuwa na weusi ndipo umeme ulipopiga.

NEEMA: Imetoka wapi? Jina usitaje.

ELIA: Ofisi moja hapahapa mjini. Walinunua geti, mashine ya kutoa tiketi, na kadi kama mia tatu za wafanyakazi, vyote kwa muuzaji mmoja. Miaka minne likafanya kazi vizuri tu. Siku moja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na hasira, bodi ikaungua. Wakapiga simu kwa muuzaji. Namba haipatikani. Wakaenda alipokuwa na duka, wakakuta saluni.

NEEMA: Jamani.

ELIA: Geti likagoma kushuka na kupanda. Basi mzee wa getini, mlinzi, akachukua tofali akalifunga kwa kamba kwenye mkia wa ile boriti inayozuia magari, boriti ikabaki imenyanyuka. Miezi saba! Kila mtu anaingia, bodaboda wanapaki kivulini mle ndani kama kwao.

NEEMA: Sasa mimi nilikuwa ugavi miaka sita, acha niulize swali la ugavi. Bodi imekufa, si mnanunua nyingine? Taa ikiungua nyumbani sinunui nyumba.

ELIA: Hilo swali ndilo limenileta. Taa unanunua duka lolote kwa sababu kikombe cha taa kinajulikana. Hii bodi ilikuwa inaongea na mashine ya tiketi na kompyuta ya ofisini kwa nyaya mbili, huu na huu. Mtindo huo wa nyaya unaitwa RS-485, unajulikana dunia nzima. Nikanunua bodi ya kampuni nyingine, nayo ina RS-485. Nikaunga. Kimya.

NEEMA: Na waya ni uleule?

ELIA: Waya ni uleule. Nikakaa jioni tatu na laptop nasikiliza kinachopita. Mashine ya tiketi inatuma namba, unaona kabisa kila ujumbe unaanza na namba ileile, na unaishia na mbili za kuhakiki kwamba ujumbe haujaharibika njiani. Zile mbili za mwisho zinapigwa hesabu vipi? Sikuweza kuipata. Na usipoipata, kila unachosema mashine inakitupa.

NEEMA: Yaani ni kama simu. Mtandao umeshika, salio lipo, mtu amepokea...

ELIA: ...amepokea, anaongea Kisandawe, na wewe una Kigogo chako. Waya si lugha. Watu wengi wanaouziwa vifaa hapo ndipo wanapopotea. Muuzaji anakwambia, kifaa changu kina RS-485, kina intaneti, kinaunganishwa na chochote. Anakwambia kina mdomo. Hajakwambia kinaongea nini.

NEEMA: Na lugha yenyewe ipo inayojulikana?

ELIA: Zipo. Modbus ipo tangu 1979. Kampuni ya Modicon ya Marekani iliitunga kwa ajili ya mitambo ya viwandani, wakaichapisha wazi, na leo pampu, jenereta na mita za umeme zinaiongea. Unaichukua kwenye intaneti bure, unakaa na kikombe cha chai unaisoma. Hiyo ndiyo itifaki huria: imeandikwa, imechapishwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza kifaa kinachoiongea bila kumpigia mtu magoti.

NEEMA: Lakini geti lenu halikutupwa lote. Uliniambia kuna kilichopona.

ELIA: Kisoma kadi kilipona, na hapo ndipo nilipofurahi. Kilikuwa kinatumia Wiegand. Ni mtindo wa zamani sana, waya wa kijani na waya mweupe, kadi ikigusa zinatoka biti 26, yaani sifuri na moja ishirini na sita. Nane ni za eneo, kumi na sita ni namba ya kadi, mbili za kuhakiki. Nikaunga kwenye bodi mpya, nikagusisha kadi ya mhasibu, namba ikatokea kwenye skrini palepale. Mota ya boriti nayo ilipona, maana inataka swichi mbili tu, panda na shuka. Kwa hiyo kilichoungua kilikuwa bodi moja, lakini kilichotupwa ni bodi, mashine ya tiketi na programu yote. Majina ya wenye kadi yalikuwa humo ndani ya programu, hayatoki. Tukaandikisha watu upya, mmoja mmoja, kama sensa.

NEEMA: Sasa nikiri dhambi zangu. Nikiwa ugavi, nyaraka za zabuni tuliziandika hivi: "geti la kisasa, la kiotomatiki, lenye ubora". Nadhani hata urefu wa boriti tuliutaja. Lugha? Hata siku moja. Kamati ya tathmini inakaa, anayeshinda ni wa bei ya chini. Mwaka wa pili anakuja na bei ya matengenezo, na hapo huna pa kwenda.

ELIA: Anakuwa amekuoa.

NEEMA: Na talaka haitoki. (kicheko)

ELIA: Hili tatizo wenzetu walilipata kwenye taa za kuongozea magari zamani. Marekani, jiji likishanunua vidhibiti vya taa kwa kampuni moja, kompyuta ya kuviongoza inatoka hukohuko, na barabara ikivuka mpaka kuingia mji wa pili, taa za huku na za kule hazielewani. Miaka ya 1990 chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, kikakaa na wahandisi wa usafirishaji wa ITE na idara za barabara za majimbo kupitia umoja wao wa AASHTO, wakatunga familia ya viwango inaitwa NTCIP. Namba 1202 ni ya vidhibiti vya taa. 1203 ni ya yale mabango ya barabarani yanayobadilisha maandishi.

NEEMA: Walitunga lugha mpya kabisa?

ELIA: Hapana, na hapo walikuwa wajanja. Walichukua SNMP, ileile ambayo watu wa TEHAMA wanaitumia kuuliza ruta na printa hali zao. Kila kitu ndani ya taa kikapewa anwani ya namba. Zinaanza 1.3.6.1.4.1.1206, hiyo 1206 ndiyo NEMA wenyewe. Ukishuka chini yake unakuta muda wa kijani, muda wa njano, kitufe cha mtembea kwa miguu. Kompyuta inauliza anwani, taa inajibu. Haijalishi kabati limetengenezwa na nani.

NEEMA: Na ikawa heri na amani?

ELIA: Wapi! Kiwango kiliacha nafasi kwa mtengenezaji kuongeza vya kwake. Ikatokea kampuni inasema "tunafuata NTCIP", na kweli inafuata, ila yale mambo matamu yote imeyaweka kwenye kile kipande chake binafsi. Ukitaka kuhama unagundua vile vya muhimu havihami. Kwa hiyo kuandika jina la kiwango kwenye zabuni hakutoshi. Unataja toleo, unataja vipengele gani lazima viwepo, na unamwambia mzabuni alete kifaa mezani kiongee na kifaa cha mtu mwingine mbele yako.

NEEMA: Mbele yako! Hilo la mwisho nalichukua. Sisi tulikuwa tunapokea broshua.

ELIA: Broshua haijawahi kugoma.

NEEMA: Nikikusikiliza naona reli. Baba yangu alifanya kazi reli ya zamani. Alikuwa akituambia habari za Kidatu. Reli ya Kati upana wake milimita 1,000, TAZARA 1,067. Tofauti haifiki hata upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Lakini kwa ajili ya hivyo vidole, mzigo ukifika Kidatu lazima uhamishwe kutoka behewa hili kwenda lile.

ELIA: Mfano mzuri kuliko wangu wa Kisandawe.

NEEMA: Na sasa SGR ni 1,435. Tumekuwa na tatu!

ELIA: Ila SGR ina jambo moja ambalo watu wanaoipanda kutoka Dar hawalioni. Upana wa reli ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna reli inavyoongea na treni: hapa punguza, pale simama. SGR yetu inatumia ETCS ngazi ya 2. Ni mfumo wa Ulaya, na ulizaliwa kwa maumivu hayahaya. Kule kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa ishara, zaidi ya 20. Treni za Thalys zilizokuwa zinatoka Paris kupitia Brussels hadi Amsterdam na Ujerumani zilibeba mifumo saba ndani ya kichwa kimoja, ili kila wakivuka mpaka dereva apate mfumo unaoelewana na reli ya pale. ETCS maelezo yake yamechapishwa, na kampuni zaidi ya moja zinatengeneza vifaa vyake.

NEEMA: Kwa hiyo kesho tukitaka kununua vichwa kwa mtu mwingine...

ELIA: Angalau lugha ya kuanzia mazungumzo ipo. Sisemi itakuwa rahisi. Na matoleo nayo yanagombana.

NEEMA: Turudi mjini. Maegesho. Ukipaki hapa katikati, karibu na Nyerere Square, ushuru unaulipa kwa kontroli namba. Mimi naona hilo ni jambo la aina hiihii. Zamani kila taasisi na akaunti yake, benki yake, foleni yake. Tangu GePG, mfumo wa malipo wa serikali, ulipoanza 2017, namba moja, unalipa benki yoyote, mtandao wowote wa simu.

ELIA: Nakubali nusu. Ni lugha ya pamoja, kweli, na imetuokoa. Lakini mwenye lugha ni serikali, unaunganishwa kwa kibali. Si kila kitu cha pamoja ni huria. Na malipo ni kipande kimoja tu. Eneo lina nafasi ngapi, zilizo wazi ni ngapi, bei saa hii ni ipi, yule mwenye kibali cha mwezi anatambuliwaje? Hayo nayo yana kiwango: mwaka 2018 vyama vya watu wa maegesho vya kimataifa, vya Uingereza na vya Ulaya waliunda muungano wa APDS, na kazi yao ikaishia kuwa waraka wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, namba 5206-1.

NEEMA: Mbona kwa Dodoma naona mapema? Nafasi wazi hapa unaiona kwa macho.

ELIA: Leo. Nenda Mtumba saa mbili asubuhi halafu uniambie.

NEEMA: Hapo sina neno. Na daladala? Mimi hili ndilo linalonigusa. Mgeni anashuka stendi ya Nanenane anataka kwenda Majengo, anamuuliza konda, konda anamwambia panda tu.

ELIA: Panda tu! Hiyo ndiyo itifaki yetu. Kwa hilo kuna GTFS, mtindo wa kuandika habari za usafiri wa umma ili kompyuta izisome. Ilianza 2005 Portland, Marekani, kati ya shirika lao la usafiri TriMet na Google. Herufi G ilikuwa Google, baadaye wakaibadilisha isomeke kama ya wote. Ninaipenda kwa sababu ni maskini: ni mafaili ya maandishi tu, moja la vituo, moja la njia, moja la safari. Unaweza kuyaandika kwenye kompyuta ya stationery.

NEEMA: Lakini daladala haina ratiba. Inaondoka ikijaa.

ELIA: Wamelifikiria. Kuna faili la kusema tu kwamba njia hii, kuanzia saa fulani, gari linapita kila baada ya dakika kadhaa. Nairobi walifanya kwa matatu: wanafunzi wakapanda na simu zao, wakarekodi vituo, na mwaka 2014 ramani ikatoka. Matatu zenyewe hazikubadilishwa hata taa. Wanafunzi wa UDOM wakiamua, hiyo ni kazi ya likizo moja.

NEEMA: Wamesikia. Swali la mwisho, ambalo bosi wangu wa zamani angeuliza: ukichapisha lugha ya geti, mwizi si anaisoma?

ELIA: Anaisoma. Ila kitasa cha mlango wako kila fundi anajua kinavyofanya kazi, siri ni funguo. Hapa kwangu kuna aibu, nikiri. Ile Wiegand niliyoisifu haina ulinzi wowote, ukiungia waya katikati unasoma kadi. Na SNMP za mwanzo nywila ilipita wazi kwenye waya, mara nyingi neno lenyewe "public", hakuna aliyelibadilisha. Toleo la 3 ndilo lilileta usimbaji, yaani kuficha ujumbe asiyehusika asiusome. Lakini na ile itifaki ya siri ya bodi hii niliyonayo mkononi? Mimi sikuweza kuongea nayo, lakini ningeweza kurekodi ujumbe wa "fungua" na kuurudia. Ilimzuia fundi, mwizi ingemwachia.

NEEMA: Na geti lenyewe likoje sasa?

ELIA: Linapanda, linashuka. Bodi mpya ni ya Modbus, maelezo yake nimeyachapa kurasa kumi na moja, yako ndani ya kabati kwenye mfuko wa nailoni, fundi yeyote atakayekuja atayakuta. Nikamwambia mzee, sasa lile tofali unaweza kulitupa.

NEEMA: Akalitupa?

ELIA: Amelisogeza chini ya kiti chake. Kamba ameifunga upya.