Msumari wa Pili Upigwe Wapi?

Nimelisema hili mpaka wenzangu wamenichoka, na leo nalirudia: ukipewa kundi la pamutesheni, yaani mkusanyo wa njia za kuzipanga upya nukta (kila njia ni elementi, na ukifuata moja kisha nyingine bado umo humo), usikimbilie kuuliza lina elementi ngapi. Uliza inahitajika misumari mingapi, yaani nukta ngapi za kukazwa mahali pake, ili lisitikisike. Nukta unazozipigilia ndizo msingi. Ukijua elementi imezipeleka wapi nukta hizo tu, umeijua elementi nzima.

Chukueni mraba. Una miondoko 8 inayourudisha pale pale: 4 ya kuuzungusha, ukihesabu na kuuacha ulivyo, na 4 ya kuupindua kama karatasi. Pigilia kona moja. Mizunguko imekwama, lakini mpinduo mmoja bado uko hai, ule unaofuata ulalo wa kona hiyo. Sasa msumari wa pili. Kila mwaka darasani hakosi mtu wa kuupiga kwenye kona ya mkabala, tena kwa madaha! Kona hiyo imo kwenye ulalo uleule, jamani. Mpinduo haujaguswa, msumari umekwenda bure. Upige kona ya jirani, kimya.

Misumari 2, basi. Poligoni ya kona 1,000, yenye miondoko 2,000? Bado 2. Lakini kundi la pamutesheni zote za nukta 1,000 linataka 999. Nukta ni zilezile!

Najua kuna anayenong'ona: kompyuta zipo, ziorodheshe tu. Haya. Mchemraba wa Rubik una hali 43,252,003,274,489,856,000. Kompyuta ikipitia bilioni moja kwa sekunde, itakesha zaidi ya miaka 1,300. Nani atakuwepo kusoma majibu? Msingi wake ni 18: rangi moja kwenye kila kipande kati ya 7 vya kona na 11 vya ukingoni. Kona ya 8 na ukingo wa 12 havina pa kukimbilia. Ni kwa wazo hili la msingi mwanahisabati Charles Sims alizifundisha kompyuta kushika makundi makubwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mbio mbio, basi: mwaka 1992 Kenneth Blaha alionyesha kwamba kuutafuta msingi mdogo kabisa ni tatizo gumu la daraja la NP, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kila mara. Dhana ya László Pyber ya 1993, inayokadiria ukubwa wa msingi mdogo kabisa wa makundi ya aina fulani kwa kutazama idadi ya elementi na ya nukta, ilikamilishwa kuthibitishwa 2018. Nilikuwa na slaidi nne juu yake, tuziache. Kundi la Mathieu la nukta 24, mojawapo ya makundi mashuhuri ya pamutesheni, linataka misumari 7. La nukta 12 linataka 5, nalo lina elementi 95,040. Zidisheni 12×11×10×9×8 mkiwa njiani, halafu mniambie kwa nini.